Makongamano ya Hisabati Yasiyoshuka Nangurukuru

Msimu wa makongamano umewadia tena. Kwa sisi tunaofundisha hisabati vyuo vikuu, hii ndiyo miezi ya kupokea matangazo mfululizo: shule ya wiki mbili ya aljebra ya mbadilishano katika nchi fulani, warsha ya jometri ya kialjebra katika nchi nyingine, mwito wa kutuma ikisiri, tarehe ya mwisho ya kuomba msaada wa nauli. Juu ya hayo yote, mwaka huu wa 2026 kuna Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati, litakalofanyika Philadelphia, Marekani, kuanzia tarehe 23 hadi 30 Julai. Kongamano hilo lilianza Zurich mwaka 1897, na kwa kawaida huitishwa kila baada ya miaka minne. Limefika Kyoto, Beijing, Hyderabad na Seoul. Mwaka 2018 lilivuka ikweta kwa mara ya kwanza likafika Rio de Janeiro. Barani Afrika halijakanyaga hata mara moja.

Mwaka 2025 Marekani ilianza kuwadai baadhi ya Watanzania waombao viza dhamana ya maelfu ya dola, na kabla mwaka haujaisha ikatuongezea vikwazo vingine vya kuingia. Kwa hiyo hata mwanahisabati wa Dodoma au Dar es Salaam ambaye wasilisho lake limekubaliwa bado ana mlima wa kupanda. Wenzangu wameyalalamikia hayo kwa haki, nami naungana nao. Lakini leo sikukusudia kuzungumza na ubalozi wa mtu. Nataka nizungumze nasi wenyewe, kwa sababu yale tunayotendewa na Philadelphia ndiyo tunayowatendea watu wa Nangurukuru.

Nangurukuru ni njiapanda. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara huifikia baada ya takriban kilomita 300. Barabara moja inakwenda baharini, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Nyingine inapanda bara kuelekea Liwale. Mabasi husimama, abiria hununua korosho na maji, safari ikaendelea. Ukanda huu wote umezoea kupitwa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, mifupa ya dinosaria yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Wapagazi wakaibeba vichwani hadi bandarini, na leo mifupa hiyo imesimama katika jumba la makumbusho la Berlin. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Ufuta na korosho navyo vina njia yake. Sasa na elimu ya juu imejifunza tabia hiyohiyo ya kupita.

Dai langu ni hili: makongamano na warsha za hisabati zinazofanyika nchini kwetu, nyingi zikibebwa na fedha za umma au misaada iliyoombwa kwa jina la wananchi, zimegeuka mazungumzo ya watu walewale, katika miji ileile, kwa lugha ambayo nchi nzima haiizungumzi nyumbani. Hali hiyo si sheria ya maumbile. Tumeichagua, na tunaweza kuiacha.

Naomba nieleweke. Sipigi vita makongamano. Mimi ni mwanaaljebra, na najua kwamba fani yangu isingekuwepo lau watu wasingekutana. Mwaka 1924 kijana wa Kiholanzi, van der Waerden, alifika Göttingen, akakaa miguuni pa Emmy Noether, akayachukua aliyoyasikia kwake na kwa Emil Artin, akayaandika katika kitabu cha *Moderne Algebra* kilichotoka mwaka 1930 na 1931. Kitabu hicho kilibadilisha namna somo hili linavyofundishwa duniani. Kadhalika, Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, aliujua upweke wa msomi aliyerudi kwao Lahore akakosa wa kujadiliana naye. Mwaka 1954 alirudi Uingereza, na mwaka 1964 akaanzisha kituo cha Trieste, Italia, ili wengine wa nchi kama zetu wasilazimike kuchagua kati ya taaluma na nyumbani. Huku kwetu, tangu 2002, mpango wa EAUMP umeziunganisha idara za hisabati za Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na vyuo vingine vya ukanda huu, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Vijana wengi wamepata shahada za uzamivu kwa njia hiyo. Yote hayo ni mema, na anayeyabeza hajui anachokisema.

Ndiyo maana nauliza swali zito zaidi: wema huo unaishia wapi?

Tazama jinsi kongamano la kawaida linavyoandaliwa. Mji ni Arusha, Dar es Salaam au Unguja. Mahali ni hoteli. Siku ya kwanza mgeni rasmi hufungua kwa hotuba inayosema hisabati ni msingi wa sayansi na teknolojia. Picha ya pamoja hupigwa. Mawasilisho hufuata, kila moja dakika 20, na wanaoyaelewa katika ukumbi ni watatu au wanne, aghalabu wale wanaofanya utafiti wa aina hiyohiyo. Nimekaa katika warsha ambayo kufikia siku ya tatu, baada ya fomu za posho kusainiwa, viti vilivyojaa vilikuwa vya wageni waliotoka mbali na ambao ndege zao zilikuwa bado. Mwishoni husomwa maazimio, na moja kati yake, bila kukosa, husema kwamba hali ya ufundishaji wa hisabati sekondari inasikitisha. Mwalimu wa sekondari hayumo ukumbini kulisikia.

Hali hiyo kweli inasikitisha. Katika miaka ya karibuni, kati ya kila watahiniwa wanne wanaofanya mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, anayefaulu ni mmoja, na ipo miaka ambayo hata huyo mmoja hakutimia. Hakuna somo jingine kubwa ambalo taifa limelizoea kushindwa kwa kiwango hiki bila mtu kupoteza usingizi. Tungeambiwa kwamba kati ya kila madaraja manne tunayojenga matatu yanaanguka, tungeunda tume. Kwa hisabati tunaunda kaulimbiu.

Mwalimu mmoja wa sekondari ya hapa wilayani Kilwa, anayefundisha hisabati vidato vyote vinne, aliniuliza kwa upole wa watu wa pwani: «Dokta, hizo warsha zenu sisi tunazisikia tu. Mwaliko wake huwa unapitia wapi?» Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua barua huachwa kwenye ofisi gani ili kesho akaifuate. Jibu la kweli ni kwamba mwaliko haupiti popote panapomfikia. Unapita katika barua pepe za idara za vyuo vikuu, kwa Kiingereza cha kitaalamu, ukiwa na ada ya usajili inayotajwa kwa dola.

Wapo wenzangu watakaosema: aljebra ya mbadilishano ni nadharia ya ndani mno, mwalimu wa Kilwa ataifanyia nini? Hoja hii nataka niijibu kwa hisabati yenyewe.

Tuseme mnunuzi wa ufuta ana mizani ya sahani mbili, na mawe ya aina mbili tu: ya kilo 6 na ya kilo 10, mengi kadiri atakavyo. Anaweza kupima uzito gani? Akiweka jiwe la 10 upande mmoja, na la 6 upande wa pili pamoja na ufuta, amepima kilo 4. Akiweka mawe mawili ya 6 upande mmoja, na la 10 upande wa ufuta, amepima kilo 2. Akishaweza kupima 2, basi anaweza kupima kila idadi iliyo shufwa. Je, kilo 7? Hawezi, hata akikesha. Mawe yake mawili, kwa kweli, yana nguvu ya jiwe moja tu la kilo 2. Na hiyo 2 ni nini? Ni Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 6 na 10, ile KKS ambayo mtoto wa shule ya msingi ya Nangurukuru huifanya kila siku katika daftari lake.

Sasa tazama mkusanyiko wa uzito wote ambao mfanyabiashara huyu anaweza kuupima. Ukijumlisha idadi mbili zilizomo, jumla nayo imo. Ukichukua idadi iliyomo ukaizidisha kwa namba nzima yoyote, zao lake nalo limo. Mkusanyiko wenye tabia hizo mbili ndio ambao Richard Dedekind aliupa jina la idiali mwaka 1871. Katika namba nzima, kila idiali inatosheka kwa jiwe moja, kama tulivyoona. Lakini kuna mifumo mingine ya namba ambamo jiwe moja halitoshi, na humo ndimo mambo ya kushangaza huanza. Ukiruhusu kipeuo cha pili cha −5 kiingie katika hesabu, namba 6 inavunjika kwa njia mbili zisizolingana: 2 × 3, na pia (1 + √−5) × (1 − √−5). Ile sheria tuliyoiamini tangu utotoni, kwamba kila namba ina njia moja tu ya kuvunjwa katika vigawo tasa, imekufa. Ernst Kummer aliigundua hatari ya namna hii katika miaka ya 1840. Dedekind akaleta idiali ili kuirudisha sheria hai kwa sura nyingine. Hilbert akathibitisha mwaka 1890 kwamba katika polinomia, mawe yenye idadi ya kikomo hutosha siku zote. Noether, mwaka 1921, akaonesha kwamba sharti hilo moja la kikomo linatosha kuijenga nadharia nzima.

Hapo, ndugu msomaji, umefika mlangoni mwa aljebra ya mbadilishano. Umefika kwa Kiswahili, kwa kupitia mizani ya ufuta, na kwa kuanzia na KKS. Sikuhitaji hoteli. Mwalimu anayeiona njia hii hatamfundisha tena mtoto KKS kama adhabu ya kukariri. Atajua kwamba anashika ncha ya uzi mrefu, naye ataweza kumwonesha mwanafunzi mwenye kipaji uzi huo unakoelekea. Kama hili si la manufaa kwa mwalimu wa Kilwa, basi sijui neno manufaa lina maana gani.

Na angalia kinachompata mtoto huyo. KKS ameijua kwa Kiswahili, namba tasa amezijua kwa Kiswahili, mzingo na kipenyo amevipima kwa Kiswahili. Siku anayoingia kidato cha kwanza, vyote hivyo hubadilishwa majina mara moja, na somo alilolielewa huwa somo geni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote za elimu, lakini mpaka leo darasa la sekondari linafundishwa kwa Kiingereza. Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. UNESCO hiyohiyo imeitenga tarehe 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Tunaziadhimisha siku zote mbili kwa shangwe, ila hatujawahi kuona kwamba zinahusiana.

Tunaambiwa Kiswahili hakina istilahi. Istilahi hazioti porini. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa sababu watu walikaa wakafanya kazi. Neno aljebra lenyewe lilitokana na kitabu cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9. Wazungu walilipokea, wakalikunja likae vinywani mwao, na hakuna aliyewaambia kwamba lugha zao hazifai. Sisi tuliochukua sifuri, sita, saba na tisa kutoka chemchemi hiyohiyo, karne nyingi kabla ya shule ya mkoloni, ndio tunaoambiwa leo kwamba lugha yetu haiwezi kuhesabu. Na tunaitikia.

Watu wa pwani hii walihesabu. Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya Kilwa Masoko, ilikuwa na sarafu zake za shaba. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa katika karne ya 14, ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na sarafu nyingine zinazohusishwa na Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji. Mafundi wa Msikiti Mkuu waliezeka kwa kuba, na kuba haisimami kwa dua peke yake; inataka vipimo. Dhahabu ya Sofala haikupitia hapa bila watu waliojua mizani, faida na mafungu. Watalii hupelekwa kuyaona magofu hayo na kuambiwa habari za masultani. Hakuna anayewaambia watoto wa Kivinje kwamba walichorithi ni pamoja na hesabu.

Hoja nyingine nitakayoletewa ni ya mahali: Nangurukuru hakuna ukumbi wa kimataifa. Mwaka 1933 utawala wa Kinazi ulimfukuza Emmy Noether katika Chuo Kikuu cha Göttingen kwa kuwa alikuwa Myahudi. Aliendelea kuwakusanya wanafunzi nyumbani kwake. Kwa muda ule mfupi, kabla hajaenda Marekani alikofariki mwaka 1935, moja kati ya semina bora za aljebra duniani ilikuwa sebuleni mwa mwanamke aliyefutwa kazi. Kinachohitajika ni ubao, chaki, watu na muda. Kilwa Masoko pana nyumba za wageni zinazolaza watalii mwaka mzima. Darasa la sekondari wakati wa likizo lina viti vingi kuliko warsha nyingi nilizowahi kuhudhuria.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu huvaa nguo ya huruma. Husemwa: watu wa Lindi wanahitaji barabara na madaraja, aljebra ni anasa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam, Somanga pakageuka ziwa, na abiria wakakwama. Ni nani hukokotoa maji kiasi gani yapite chini ya daraja? Ni mhandisi. Na mhandisi ni nani? Ni yule mtoto mmoja kati ya wanne. Wale watatu waliobaki, ambao huenda mmoja wao angekuwa mhandisi bora kuliko wote, tuliwapoteza kidato cha pili walipoacha kuelewa. Na hata bila mhandisi: mkulima wa korosho anayepokea malipo yake ya stakabadhi ghalani yakiwa na safu ya makato, na jirani yake aliyebanwa na njaa akauza kwa kangomba kabla ya mnada, wote wawili wanahitaji kujua hesabu kuliko profesa. Profesa akikosea, mhariri wa jarida humrudishia makala. Mkulima akikosea, msimu umekwenda.

Wala isidhaniwe kwamba katika kwenda mikoani msomi hutoa tu bila kupokea. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona mchanganyiko wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu wake alimdhihaki. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alifika pale mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanafizikia wanabishana juu yake mpaka leo. Jina la kijana wa Kitanzania likaingia katika vitabu vya dunia kwa sababu mwanachuo mmoja alisafiri hadi shuleni na akakubali kuulizwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisa hiki mgeni naye alipona.

Ni akina Mpemba wangapi wako leo Kilwa, Liwale, Ruangwa na Nachingwea, wenye swali ambalo hakuna mgeni wa kuliuliza?

Baada ya kulaumu, ni haki niseme ninachotaka. Nataka mambo matano, na yote yanawezekana bila sheria mpya.

Kwanza, kila kongamano la hisabati linaloandaliwa na chuo kikuu cha umma litenge siku moja nje ya hoteli, katika wilaya ambayo haijawahi kupokea kongamano. Wageni wanaotoka Ulaya na Asia watafurahi. Wengi wao wangependa kuiona Kilwa Kisiwani, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, kuliko kuta za ukumbi wenye kiyoyozi.

Pili, nafasi moja kati ya kila kumi iwe ya mwalimu wa sekondari, nauli na malazi yakilipwa. Nauli ya ndege ya mtu mmoja kwenda Ulaya na kurudi inatosha kuwaleta pamoja walimu wa basi zima.

Tatu, kila kongamano liwe na mhadhara mmoja wa hadhara kwa Kiswahili, na liache nyuma yake kijitabu cha istilahi zilizotumika, kilichopitiwa na wataalamu wa lugha. Makongamano kumi yatatupa kamusi.

Nne, matumizi yatangazwe. Nani alikwenda, kwa fedha ya nani, alirudi na nini. Tume ya Sayansi na Teknolojia na vyuo vyenyewe vina uwezo wa kudai taarifa hiyo na kuiweka wazi. Mwenye hesabu safi haogopi ukaguzi, na wanahisabati tungepaswa kuwa wa kwanza kuonesha hesabu zetu.

Tano, kazi ya kufundisha walimu ipewe uzito katika kupandisha vyeo. Leo mhadhiri kijana anajua kwamba makala katika jarida la nje itamfikisha kwenye uprofesa, na siku kumi za likizo alizokaa na walimu wa Kilwa zitamfikisha kwenye shukrani. Hatuwezi kumlaumu kwa kuchagua anachohesabiwa.

Ipo fursa ambayo haitarudi. Kupitia mradi wa HEET, unaotekelezwa kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi katika Manispaa ya Lindi. Mkopo huo utalipwa na kila Mtanzania, akiwemo muuza maji wa njiapanda hii. Kampasi hiyo ni ya kilimo, na kilimo cha leo kinataka takwimu na hesabu. Ikiwa itakuwa kisiwa kingine chenye uzio na geti, ambamo wataalamu wataletwa kwa gari na kurudishwa kwa gari, tutakuwa tumejenga hoteli nyingine ya makongamano. Ikiwa walimu wa Lindi watakuwa na ufunguo wa maktaba yake na kiti katika semina zake, tutakuwa tumeanza kulipa deni.

Nawaandikia hasa wenzangu wa idara za hisabati, ambao wengi wao wametoka katika vijiji kama hivi na wanajua ninachokisema. Wengi wetu tumefika tulipo kwa sababu mwalimu mmoja, katika shule moja isiyo na jina, alilielewa somo kuliko mshahara aliolipwa kulifundisha. Matangazo ya mwaka ujao bado hayajaandikwa. Kamati bado hazijachagua mji. Mnapokaa kupanga bajeti, mkifika kwenye mstari wa ukumbi, andikeni Kilwa. Mkifika kwenye mstari wa lugha, andikeni Kiswahili walau kwa siku moja. Na mkifika kwenye orodha ya waalikwa, mtafuteni mwalimu anayefundisha vidato vinne peke yake, mumpelekee barua mkononi, ili asilazimike tena kuuliza inapitia wapi.